Kipimo Kisichoibika

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Naliweka hilo mbele ili ujue unazungumza na nani. Nimeona pipa lililobaki na mvuke wa petroli likiruka juu ya paa la jirani, likarudi chini likakaa wima kama mgeni anayesubiri chai. Nimemwona mkubwa mmoja wa jeshi akileta bafu la chuma nilikate liwe la kuchomea mbuzi, na siku ya kulichukua akanipigia saluti. Nimemwona bwana harusi akilipia geti kwa ng'ombe, na ng'ombe yule akalala kwenye karakana yangu mpaka akala maboksi yote. Hayo niliyatazama nikaendelea kugonga.

Mimi ni Rajabu, Mnubi wa Kampala. Shule yangu ni darasa la tano, na hilo la tano lenyewe nusu yake nililisomea nje ya dirisha kwa sababu ya karo. Nimejenga nyumba ya matofali. Nimesomesha watoto wanaojua maneno ambayo mimi siwezi kuyatamka. Hakuna aliyenisaidia ila nyundo, na nyundo yenyewe niliichukua kwa mkopo.

Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana wa mstari wetu wa karakana pale Katwe mnasema ni masikio, maana mkiniita mara tatu nageuka ya nne. Wengine mnasema ni mkono wa kulia. Mkikutana nami mnauliza, "Hajji, kile kitabu chako kilifika wapi?" halafu mnacheka kabla sijafungua mdomo. Basi nimeamua kuyaandika, kwa mwandiko wangu, mke wangu Zaitun akininyooshea herufi. Mjue pia kwamba kitabu kile kilimla mtu mwingine kabla hakijanila mimi, na mtu huyo mnamjua. Ni Wekesa.

Lakini mwanzo wake si kitabu. Mwanzo wake ni msumari.

Niliingia Katwe sijaota ndevu. Mzee Khamis, Mnubi mwenzetu, alikuwa na karakana pembeni ya mfereji: bati juu, bati ubavuni, na ndani bati. Babu yake alikuja nchi hii akiwa askari wa wakoloni, na bunduki ya wenyewe. Yeye alikuwa na nyundo yake mwenyewe, na alipenda kusema kwamba ukoo umepanda cheo. Siku ya kwanza hakunisalimia. Alinipa debe la misumari iliyopinda na kipande cha reli, akasema, "Nyoosha." Nikanyoosha mpaka jioni. Akaimwaga chini, akaichakurachakura, akachagua mmoja. "Huu wako wa kuchorea. Ile mingine tutauza."

Watu wa nje hudhani fundi wa bati anapima kwa utepe. Hapana. Ukutani kwa Mzee Khamis vilitundikwa vipande vya bati nene, kila kimoja na tundu lake: robo ya tumbo la sigiri, robo ya kiuno, kilango cha majivu, mguu, mkono, mdomo wa birika, koo la faneli. Hivyo ndivyo tunaviita vipimo. Unalaza kipimo juu ya bati jipya, unakizungushia msumari, unakata kwa mkasi nje ya mstari. Sigiri, jiko letu la makaa, tumbo lake ni robo nne. Unachora robo ile ile mara nne mfululizo, unakunja, unaunga kwa ribiti, halafu ndani unashusha chungu cha udongo, ambacho wanawake wafinyanzi wanatuletea tayari kimechomwa. Hakuna namba popote. Asiyejua kusoma anaweza kutengeneza sigiri elfu, na nyingi zimetengenezwa hivyo.

Vipimo vya ukutani viliitwa mama. Mwanafunzi akihitimu alipewa siku moja ya kukaa chini ya ukuta ule ajikatie seti yake. Sharti la kwanza: unanakili kwa mama, hunakili kwa mwenzako. Msumari ukizunguka unatoka nje kidogo, unene wa unywele. Nakala ya nakala ya nakala, na sigiri imekuwa beseni. Sharti la pili Mzee alilisema akiwa ameinua mkasi: "Kipimo hakiulizwi. Usikirefushe kwa sababu jicho limekwambia. Jicho lina njaa, jicho lina usingizi, jicho limegombana na mke. Kipimo hakina mke."

Nilicheka. Hakucheka.

Mzee alipofariki mama wote walibaki kwangu, na karakana pia, maana watoto wake walikuwa wamekwenda kwenye kazi za viatu safi. Hapo ndipo Rajabu alipokuwa Rajabu. Nilitengeneza bomba la moshi la kiwanda cha mikate ambalo watatu kabla yangu walishindwa, likirudisha moshi ndani mpaka mikate ikawa na ladha ya nyama choma. Nililala chini nikatazama juu ndani ya bomba, nikaona kiota cha ndege. Nikatoa kiota, nikalipwa bei ya bomba zima. Vijana, hilo ni somo pia. Nilitengeneza sufuria ya shule ambayo mtu angeweza kuoga ndani yake. Siku ya kwanza kitako kilidondoka na posho yote, ugali wa watoto, nikaibeba mgongoni mpaka Katwe, nikairudisha kesho yake na kitako cha pipa la lami. Bado inapika. Mtu akiniuliza siri, nilikuwa namwonyesha ukuta. Na wanafunzi wangu niliwafundisha kama nilivyofundishwa, kipimo hakiulizwi, na nilitembea kifua mbele kwamba kwangu hakuna anayeuliza.

Wekesa alikuwa wa kumi na nne kati yao, na wa kwanza kwa mkono. Mkenya wa Bungoma, alikuja Kampala kulinda duka la mtu wa kwao, akawa kila asubuhi akitoka zamu anasimama mlangoni kwangu kutazama. Siku moja nikamwambia, "Wewe askari, unalinda nini hapa?" Akasema, "Nalinda hiyo nyundo isiende bila mimi." Nikamwingiza. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na mikasi yote ya bati duniani imetengenezwa kwa kulia. Alijifulia mkasi wake mwenyewe kwa springi ya lori. Watu walimtania sana kwa mkono ule. Mimi kamwe.

Alipohitimu alikaa chini ya ukuta siku yake, akakata seti safi, akafungua kibanda chake upande wa pili wa mfereji. Kila Idi alikuja na kilo ya sukari. "Mwalimu," alikuwa ananiita, ingawa mimi na ualimu tulikutana darasa la tano tu.

Sasa sikilizeni jinsi kitabu kilivyoingia.

Wezi wa skrepa walivunja kibanda cha Wekesa. Mashine ya kuchomelea waliiacha, nzito. Walichukua vipimo, seti nzima, wakaviuza kwa kilo kwenye mzani wa vyuma chakavu. Fikiria. Akili ya Mzee Khamis ilipimwa pamoja na silinsa za magari na miguu ya vitanda. Tulikwenda kwenye mizani yote, hatukupata kitu.

Wekesa akaja na sukari, na haikuwa Idi. "Mwalimu, naomba nikae na mama leo tu. Nikate upya."

Mtu mwingine angesema kaa. Lakini mimi usiku wa kuamkia siku ile sikulala, nilikuwa nimepata wazo, na mtu mwenye wazo ni hatari kuliko mtu mwenye petroli. Nilikuwa nimewaza: bati linaibika, kitabu hakiibiki. Nani anapima kitabu kwa kilo? Nitawachora mama wote kwenye karatasi, saizi yao yenyewe, nichape kitabu. Fundi yeyote kuanzia hapa mpaka Bunia kule Kongo atalaza ukurasa juu ya bati, atazungusha msumari, basi. Na juu ya jalada: Fundi Rajabu. Nitakuwa mtu wa kwanza wa mstari wetu mwenye kitabu. Nikamwambia Wekesa, "Subiri. Kuna kitu kikubwa kinakuja. Utakuwa wa kwanza kukitumia."

"Mwalimu, ni siku moja tu ya kukata."

"Subiri, nimesema. Ukikata kwa mama leo, kesho wezi watarudi. Nakutengenezea kipimo kisichoibika."

Ukweli ni kwamba nilimtaka asimame siku ya sherehe mbele ya watu aseme, "Kazi yangu yote inatoka katika kitabu hiki." Ningempa ile siku moja, asingekuwa na haja ya kitabu. Sukari nilipokea.

Nilianzia kwenye ofisi moja ya vitabu mjini. Dada wa pale alipekua michoro yangu mpaka mwisho akauliza kwa heshima, "Mzee, maneno yako wapi?"

"Maneno ya nini? Sigiri haisomwi."

Akanipa glasi ya maji. Yalikuwa baridi kweli. Nikatoka pale nimeamua kwamba nitachapa mwenyewe, kwa pesa yangu, kama nilivyofanya kila kitu.

Zaitun aliponiona natoa akiba alisema, "Rajabu, kitabu kinapikwa? Mwalimu wa shule ana kitabu. Wewe una nyundo."

"Nitakuwa na vyote viwili."

"Mikono unayo miwili tu," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Wachapaji wakaniambia wao wanachapa tu, kupanga kurasa ni kwa mtu wa kompyuta. Wakanionyesha Brenda, binti Mganda mwenye chumba chembamba na kucha ndefu. Kiswahili chake alikiokota kwa wateja wa Kongo, kwa hiyo tulielewana vizuri kuliko mimi na wanangu. Nikamwagia mezani michoro yote. Nilikuwa nimeichora kwa penseli juu ya karatasi kubwa za fulskepu, mama akiwa amelala juu ya kila moja. Sikunakili kwa mtoto. Nilishika sheria.

"Ssebo, hii picha iko mingi," Brenda akasema, akiniita bwana kwa Kiganda.

"Si picha. Ni vipimo."

"Sawa, vipimo. Na kitabu inataka kuwa kubwa namna gani?"

"Kama karatasi hizo hizo."

"Lakini pembeni lazima tuache nyeupe, mashine ya kukata isikule mistari."

"Acha nyeupe. Wewe fundi wa kompyuta, mimi fundi wa bati. Siingii jikoni kwako."

Pale ndipo. Kama kuna mahali pa kuweka kidole, kiweke hapo. Sikumwambia kwamba michoro ile ni saizi yenyewe. Ningemwambia kwa nini? Pale Katwe hakuna mtu aliyewahi kuchora kitu kidogo kuliko kilivyo. Mchoro ni kitu chenyewe kabla hakijawa bati. Kwa Brenda mchoro ni picha, na picha ya mtu haina urefu wa mtu. Kila mmoja wetu alikuwa na akili timamu.

Baada ya muda akanipigia simu. "Mzee, imeisha. Kuja uone karatasi kabla haijaenda kwa mashine."

Nilikuwa juu ya ngazi na geti la mtu. Nikamwambia anitumie kwa simu. Akatuma. Nikaitazama kila robo, nikaipanua kwa vidole viwili, nikaipunguza, nikaipanua tena. Tumbo lilikuwa tumbo, kiuno kilikuwa kiuno. Mimi, mtu aliyelelewa na vipimo, nilikuwa naangalia kipimo kikivutwa kama mpira mkononi mwangu na sikuona ajabu.

Akaandika: *Karatasi si kama simu ssebo. Kuja tu.*

Nikamjibu kwa sauti, ile ya kubonyeza na kusema: "Binti, mimi nikiona pipa limelala najua litazaa sufuria ngapi. Chapa." Kwa vile mtandao ulikuwa unasumbua nikaliandika pia hilo neno moja. *Chapa.* Lina herufi tano na sikukosea hata moja.

Vitabu vilikuja kwa maboksi. *Bati na Mkono Wangu*, jalada la bluu, nyundo katikati. Nilivinusa. Nilivipanga, nikavipangua. Nilimwamsha Zaitun avione, naye akasema ukweli wake kwamba ni vizuri. Lakini hata mara moja sikukilaza kitabu juu ya mama. Nani anapima mtoto wake kuona kama ni wake?

Sherehe tuliifanya pale pale mstarini. Hema, viti vya plastiki, keki ya umbo la sigiri yenye makaa ya chokoleti. Mshereheshaji alinichokoza, "Huyu ni fundi ambaye shule ilimkimbia. Leo yeye ndiye anaifukuza!" Mwenyekiti wa mtaa alinunua nakala ya kwanza kwa bei kubwa sana, akalipa nusu, na nusu ile nyingine bado iko njiani. Halafu Wekesa akasimama. Nilitaka kumpa nakala ya bure, akakataa mbele ya watu, akatoa pesa mfukoni akazihesabia mezani. Alikuwa amevaa koti.

"Mimi mjue nilikaa bila kazi kwa kukosa vipimo," akasema. "Sasa nina oda ya mama mmoja wa Bunia. Kesho nakata sigiri zote kwa kitabu cha Mwalimu."

Watu walipiga makofi, wengine wakapiga mabati. Nikatoa machozi kidogo. Nikawaambia ni moshi.

Oda yenyewe ilikuwa ya Mama Furaha, mfanyabiashara wa Kongo anayejaza lori zima na kuondoka nalo. Alikuwa ametoa nusu ya pesa mbele. Wekesa alinunua mabati kwa pesa ile na kwa yake yote iliyobaki, akaajiri wakataji. Na hapa wageni huuliza: kwa nini hakutengeneza moja kwanza ajaribu? Kwa sababu sisi hatufanyi kazi hivyo. Kuna siku za mkasi na siku za nyundo. Mkataji analipwa kwa siku, mkono ukishapata mwendo haukatizwi. Unakata oda yote, unapanga marundo, ndipo unaanza kukunja. Ukiwa na kipimo cha kweli hakuna haja ya kujaribu. Hiyo ndiyo maana ya kipimo.

Alikuja kwangu kwa boda, amekumbatia chungu cha udongo mapajani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sigiri za Kongo zimefika wapi?"

"Chungu hakiingii."

"Chungu cha nani?"

"Chungu ni kile kile. Cha yule yule mfinyanzi wa siku zote."

"Basi amekifinyanga kikubwa."

"Nimejaribu sita."

"Basi umekata ndani ya mstari. Nilikufundisha nje."

"Nimekata nje, Mwalimu."

"Utajuaje, na mkono wako huo wa kushoto!"

Wekesa aliutazama mkono wake, akaupeleka nyuma ya mgongo. Nikainuka haraka ili nifanye kitu. Nikamshusha mama wa robo ya tumbo kutoka ukutani, nikafungua kitabu, nikamlaza juu ya ukurasa.

Mama alitokeza. Kidogo tu, kiasi cha nusu kidole. Ungekuwa umesimama usingeona. Lakini tumbo ni robo nne, na nusu kidole mara nne ni vidole viwili vya mzunguko, na chungu cha udongo hakijui kujikaza. Nikalaza mguu: sawasawa. Mkono: sawasawa. Kilango cha majivu: sawasawa. Brenda alikuwa amepunguza tu ile michoro mikubwa iliyogusa nyeupe ya pembeni. Kwa hiyo miguu ilikuwa ya sigiri moja na tumbo la nyingine.

Nikamuuliza, "Uliona kwamba ni ndogo?"

"Niliona."

"Lini?"

"Ile ya kwanza, nikiishika. Nikasema mbona mkononi imekuwa nyepesi."

"Na hukuuliza?"

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Mwalimu, si wewe ulisema hakiulizwi?"

Tulijaribu kuokoa. Tulitia ukanda wa bati kwenye mshono kuongeza vile vidole viwili, tukapata kitu kama suruali yenye kiraka matakoni, na kiuno nacho kikakataa kukaa. Tuliwaendea wafinyanzi watufinyangie vyungu vidogo. Wakatuambia udongo unataka wiki zake kukauka kabla ya moto, ukiuharakisha unapasuka. Lori la Mama Furaha halikuwa na wiki zozote.

Mwenyewe alikuja, kitenge kipya, akapita katikati ya marundo. Akaokota robo moja, akaigeuzageuza. "Wekesa, mimi sikukuya kununua mabati. Nilikuya kununua sigiri."

"Mama, kosa ni langu mimi," nikasema. "Mimi ndiye mwenye kitabu."

Akanitazama. "Papa, kitabu kitaivisha chakula kule Bunia?"

Akataka pesa yake ya mbele. Wekesa hakuwa nayo, ilikuwa pale chini, imekatwa vipande. Mama Furaha alinunua sigiri mstari wa jirani, akaondoka, na mpaka leo ananunua kwao.

Nilikwenda kwa Brenda nimejaa maneno. Nilikuwa nimeyapanga njiani yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akafungua simu, akaniwekea sauti yangu mwenyewe. Nilijisikia nikisema habari za pipa linalozaa sufuria. Wateja wawili waliokuwa nyuma yangu walicheka, hawakujua ni mimi. Brenda hakucheka. Akauliza polepole, "Mzee, nikurudishie pesa yako?"

"Hapana. Kazi yako ulifanya."

Ndipo nikaanza kuvitafuta vitabu, kimoja kimoja. Wengi walirudisha, nami nikawarudishia pesa yao. Wengine walikataa. Pale soko la Owino nilikuta kurasa zangu zinafungiwa karanga, nikanunua karanga zote, na Zaitun akawa anapika mchuzi wa karanga mpaka wajukuu wakagoma. Kuna fundi wa Ndeeba yeye alipata wazo: aliagiza vyungu vidogo, akapunguza na miguu, sasa anawauzia wanafunzi wanaopanga chumba kimoja. Sigiri hizo zinauzwa sana. Anaziita Rajabu Ndogo. Nimezisikia zikiitwa hivyo sokoni na watu wasionijua kabisa. Jina langu nililitaka liende mbali, na limekwenda.

Mashauri yangu kwenu ni machache. Kitabu cha vipimo mtu akitaka kuchapa, achape, ni jambo jema, lakini juu ya kila ukurasa achore mstari wenye urefu wa kitu ambacho kila mtu anacho, njiti ya kiberiti mathalani, ili msomaji alaze njiti aone. Brenda ndiye aliyeniambia hilo, baadaye, bila kuulizwa. Karatasi muione kwa macho na muishike kwa mkono. Na mwanafunzi akiuliza kipimo, mwacheni aulize. Mzee Khamis anisamehe. Yeye aliisema kauli ile kwenye ukuta ambao alikuwa anauona kila siku. Mimi niliichukua nikaipeleka mahali ambapo ukuta haupo.

Kuhusu kustaafu, si masikio. Niliuza kibanda, reli, mashine, na nafasi yenyewe ya mstarini. Mama sikuwauza. Nilimpelekea Wekesa wote, nimewafunga kwa gunia, nikawatundika mwenyewe kwenye ukuta wake. Alinisaidia kushika ngazi. Sikusema kwamba ningeweza kumruhusu akate siku ile ya sukari, na yeye hakusema.

Kisha tukakaa, nikamlipa: ya Mama Furaha, ya mabati, ya wakataji, ya vyungu. Ya kwake mwenyewe ya kazi alikataa kuitaja, nikaikisia nikaiweka. Juu yake nikaweka elfu ishirini na tano, bei ya kitabu, kama nilivyowarudishia wengine. Akazichukua zile ishirini na tano akanisukumia.

"Hizo hapana. Kitabu nilinunua mwenyewe."

"Wekesa, pokea. Nimewarudishia wote."

"Hapana," akasema. Alikuwa amesimama tayari, mkasi wake wa springi mkononi. "Tumemaliza, Mzee Rajabu."

Siku zote nilikuwa Mwalimu. Tangu siku ile akipita ananisalimia vizuri, kwa heshima zote, na ni Mzee Rajabu.

Mchapaji, Brenda, sherehe, waliorudisha vitabu, karanga, na Wekesa: nimevijumlisha mwenyewe, na Zaitun akahakikisha, baada ya kutoa pesa ya nakala zilizouzwa. Ingekuwa hasara ya milioni kumi na moja na laki saba kamili kama Wekesa angepokea. Hakupokea. Kwa hiyo ni shilingi milioni kumi na moja, laki sita na elfu sabini na tano.